Rehema Aliposema Ameshiba

Siku moja naikumbuka kuliko siku zangu nyingine zote, mwanangu, nayo ni siku niliyoamka nikiwa nimebandikwa nyota ya karatasi kifuani. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nakupa nasaha ingawa mimi mwenyewe sijazeeka. Lakini likizo ya mwezi wa nane inakaribia, nawe utakwenda kambi ya watoto ya kanisa pale Mokowe kama nilivyokwenda mimi, na haya ninayotaka kukuambia sikuambiwa na mtu kabla sijaondoka nyumbani. Kusema mbele ya watu siwezi, wajua. Kwa hiyo nimeandika. Soma polepole, kama nilivyoandika.

Kwetu ni shambani, nyuma ya Mokowe, ukiifuata barabara ya kwenda bara. Baba na mama walihamia huku kabla sijazaliwa. Tulikuwa watoto saba na sufuria moja. Mama alipopakua, kila mmoja alinyoosha sahani yake, na ukichelewa kidogo sahani ya mwenzako ilikuwa imeshakaa mahali pa yako. Hatukuwa watoto wabaya, tulikuwa wengi tu. Nyumbani kwetu mtu akisema hataki chakula, basi hataki, na mwingine anakula. Hakuna aliyerudi kumuuliza mara ya pili. Nilikwenda kambini na akili hiyo, na sikujua kwamba kuna akili nyingine.

Kambi ilikuwa katika uwanja wa kanisa. Tulilala katika madarasa ya shule ya chekechea, wasichana upande huu, wavulana upande ule. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Neema, msichana mwenye sauti nzuri ambaye watoto wote walimpenda, na mimi nilimpenda zaidi kwa sababu hakunilazimisha kuimba peke yangu. Siku ya kwanza alitufundisha juu ya kugawana chakula. Alitupa habari ya yule mtoto aliyetoa chakula chake, watu wengi wakala wakasaza. Kisha akasema:

"Wiki hii hapa hakuna sahani ya mtu mmoja. Sahani moja, watu wawili. Na kabla hujamaliza kilichobaki, unamwuliza mwenzako nini?"

Hatukujua. Akatufundisha. "Umeshiba au bado?"

Tukaimba wote, "Umeshiba au bado?" Tukarudia mpaka waliokuwa jikoni wakacheka. Akatuonyesha nyota alizozikata kwa karatasi ya manila ya njano. Kila jioni, wawili watakaokuwa wamekula bila kugombana watabandikwa nyota.

Niliitaka nyota ile, mwanangu. Mtoto asiyesema sana huwa anataka mno kuonekana, na watu hawalijui hilo.

Nikapangwa na msichana aitwaye Rehema. Alikuwa mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, mwembamba, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri kuliko vyetu sote. Alikuja kwa boti na baba yake kutoka Matondoni, kule kisiwani Lamu. Baba yake alikuwa mtu wa bara kama sisi, mwalimu wa shule ya msingi, lakini Rehema alizaliwa huko huko Matondoni, akacheza na watoto wa huko, na nyumba yao ilikuwa ndiyo pekee ya Wakristo katika mtaa wao. Basi alisema kama wao. Njia aliita ndia, macho aliita mato. Na alikula kama wao. Alinawa mikono taratibu, akaketi vizuri, akala wali uliokuwa mbele yake tu. Hakuvusha mkono upande wangu hata mara moja. Samaki alikuwa katikati ya sahani, naye hakumgusa.

Mimi nilimgusa.

Sahani ilipofika nusu nilikumbuka somo. Nikamwuliza, "Umeshiba au bado?"

"Nimeshiba, ahsante. Kula wewe."

Akaondoa mkono kwenye sahani, lakini hakuinuka. Alibaki pale pale, mkono umelegea juu ya goti, anaitazama sahani. Nikashangaa jinsi mtu anavyoweza kushiba haraka hivyo. Nikaivuta sahani kwangu nikaimaliza. Samaki alikuwa mtamu.

Mchana huo huo likatokea jambo jingine, na lazima nikuambie ingawa naona haya. Maji ya kunywa yalikuwa katika pipa chini ya paa la jiko, na kikombe kilikuwa kimoja, akikishika mvulana wa darasa la saba aitwaye Mutua. Ukitaka maji unamwomba. Tukapanga mstari. Zamu ya Rehema ilipofika akasema, "Naomba mai."

Mutua akashusha kikombe. "Unaomba nini?"

"Mai."

Kumbe kwa watu wa Lamu mai ni maji. Lakini kwa lugha tunayosema nyumbani sisi, neno hilo ni kile mtu anachokiacha chooni. Mstari wote ulivunjika. Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mutua akaelekeza kikombe nyuma ya uwanja, kwenye vyoo, akasema, "Hayo hatuna hapa, labda tukuchotee kule."

Mimi nilicheka. Nakuambia ukweli, nilicheka kama wengine.

Rehema alitutazama mmoja mmoja. Hakuelewa. Baadaye msichana mmoja alimnong'oneza sikioni, nikamwona akiziba mdomo kwa ncha ya kanga yake na kuondoka. Hakurudi kwenye mstari. Toka hapo watoto wakampa jina. "Mai amekuja. Mai sogea kidogo." Mwalimu Neema hakuwepo kwenye pipa, na jina lile hatukulitaja mbele yake. Sikumwona tena Rehema akienda kwa Mutua. Kitu pekee nilichomwona akikinywa ni chai ya asubuhi, kwa kuwa hiyo ilimiminwa bila kuombwa.

Siku ya pili ikaenda vile vile. Asubuhi nilimwuliza, akasema ameshiba. Mchana nilimwuliza, akasema ameshiba. Kila mara aliondoa mkono, na kila mara alibaki ameketi.

Baada ya chakula cha mchana zamu ya kuosha vyombo ilikuwa yetu. Nilikwenda kuomba sabuni, na niliporudi nilimwona nyuma ya jiko, amechuchumaa, sufuria kubwa ya wali iko mapajani mwake. Alikuwa anakwangua ukoko kwa kucha na kuutia mdomoni, ule mweusi kabisa uliokwisha kuungua, harakaharaka. Nilisimama. Mtu aliyeshiba hali ukoko ulioungua. Hilo halihitaji mwalimu.

Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole mpaka kwenye kona ya jiko. Nikakohoa, nikaja tena nikikanyaga kwa nguvu. Nilipofika alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga, uso ameuinamisha. Nikampa sabuni.

Sasa simama hapa, mwanangu, usipite haraka, maana kosa langu liko hapa. Mpaka wakati ule ungeweza kusema sikujua. Jioni ile nilikuwa najua. Tuliletewa ugali na mboga, na siku hiyo kulikuwa na nyama, vipande vinne. Nilikula viwili. Viwili vikabaki. Nikamtazama Rehema, naye akanitazama, na safari hii macho yake hayakuwa kwenye sahani, yalikuwa usoni kwangu. Mkono wangu ulikuwa umeshagusa kipande cha tatu. Nikasema:

"Umeshiba, sivyo?"

Unaona nilivyofanya? Somo lilisema niulize kama ameshiba au bado. Mimi ile "bado" niliiondoa. Nilimwekea jibu mdomoni, nikabakiza kazi ya kulitamka tu.

Akaondoa mkono. Kisha akasema, "Nimeshiba."

Na wakati huo huo Mwalimu Neema alikuwa anapita nyuma yetu. Akapiga makofi kuwanyamazisha wengine. "Hebu watazameni Nduku na Rehema," akasema. "Siku mbili hawajagombana hata mara moja. Nduku anauliza kila mlo. Hivi ndivyo kugawana." Akanibandika nyota kifuani. Rehema naye alipewa yake, akaishika mkononi. Watoto wote wakapiga makofi, na mimi, nyama ikiwa bado mdomoni, nilitabasamu.

Nililala na nyota ile. Niliamka nayo.

Hiyo ndiyo siku niliyoanza kukueleza, siku ya tatu. Asubuhi Rehema alikula nusu andazi na chai kidogo, akasema inatosha. Ilipokaribia saa sita tukatolewa uwanjani kuvuta kamba. Jua la siku ile lilikuwa kali, mchanga ulichoma nyayo. Rehema alikuwa mbele yangu kwenye kamba. Tulipoanza kuvuta nikaona kamba imelegea mikononi mwake. Nikadhani anafanya makusudi.

"We Rehema, shika," nikamwambia.

Akashuka chini taratibu, magoti kwanza, kisha akalala kifudifudi. Sauti moja ikasema, "Mai ameanguka," na watoto wakacheka. Upande wa pili uliendelea kuvuta, ukashangilia umeshinda.

Mwalimu Neema akaja anatabasamu. "Rehema, amka mama, mchezo umekwisha." Akainama akamgeuza.

Mchanga ulikuwa umejaa mdomoni mwa Rehema. Ulikuwa kwenye midomo, kwenye meno, na yeye hakuutema. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho. Mtu yeyote mchanga ukimwingia mdomoni hutema, hata mtoto wa kunyonya, hata aliyelala usingizi. Yeye hakutema. Macho yalikuwa nusu wazi na hayakututazama. Kicheko kikakatika. Nilisikia kamba ikidondoka chini, nikasikia punda wa mtu akitikisa kichwa kule nje ya uwanja, na sikusikia kitu kingine.

Punda yule alikuwa wa Bi Zainabu. Bi Zainabu alikuwa mama wa pale pale Mokowe, Mwislamu, mzaliwa wa Lamu, mtu wa kuleta nazi jikoni kwetu. Alimwacha punda na mzigo wake akaja akitusukuma kando kwa viwiko. Akaketi mchangani, akamlaza Rehema mapajani, akamsafisha mdomo kwa kidole kilichofungwa kanga. Akamfinya ngozi ya mkono kwa juu, ngozi ikabaki imesimama.

"Mtoto huyu ni mkavu," akasema. "Mwanangu, fungua mato. Fungua mato unitazame."

Midomo ya Rehema ikacheza. Akasema kwa sauti ndogo, "Mai."

Hakuna aliyecheka. Bi Zainabu akainua uso. "Mpeni mai. Hamsikii? Mtoto ataka mai."

Tukasimama. Nataka uione picha hiyo, mwanangu. Watoto wapatao arobaini na pipa limejaa, na hakuna aliyenyanyua mguu. Hatukukataa. Hatukuelewa. Mtu mzima, mwenye heshima zake, ametamka neno lile bila kuona haya, na sisi tulikuwa tunatazamana. Bi Zainabu alituangalia kama watu waliopatwa na wazimu.

Ni Mwalimu Neema aliyeelewa. Akasema polepole, kama anayejisemea, "Maji. Anaomba maji."

Mutua alikimbia. Alirudi na kikombe, maji mengine yakimwagika njiani. Alipomkabidhi Bi Zainabu akageuka nyuma, akalia kwa sauti, mvulana mkubwa vile, mbele yetu sote. Hakuna aliyemcheka. Kumbe neno tulilolichekea siku tatu lilikuwa maji tu. Mtu alituomba maji.

Bi Zainabu akaagiza sukari na chumvi, akakoroga, akaanza kumtia Rehema mdomoni tone kwa tone kwa vidole vyake. Mwalimu Neema alipiga simu tuktuk ije. Tukiwa tunaingoja, Bi Zainabu akauliza bila kuinua kichwa:

"Nani huketi naye kula?"

Watoto wakanitazama. Nyota ilikuwa kifuani kwangu.

"Mimi, Bi."

"Leo amekula nini?"

"Nusu andazi."

"Na jana?"

Nikaifunika nyota kwa kiganja. Kisha nikasema, "Alisema ameshiba."

"Ulimwambia ale mara ngapi?"

Sikuelewa swali. "Mara moja, Bi."

"Kila mlo mara moja?"

"Kila mlo. Tuliambiwa tuulize."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Mara moja ni kama kuuliza bei, mwanangu," akasema. "Si kukaribisha. Huyu amelelewa kwetu. Kwetu mtoto akikubali chakula cha watu mara ya kwanza huonekana mlafi. Hukataa kwanza. Huambiwa kula, hukataa tena. Huambiwa kula mwanangu, hujala kitu, ndipo akala. Huyu alikuwa akikungoja wewe."

Akikungoja wewe. Nikauona mkono wa Rehema umelegea juu ya goti, mlo baada ya mlo, naye ameketi haondoki. Hakuwa amemaliza. Alikuwa ananingoja.

Tuktuk ikaja ikawachukua Rehema na Mwalimu Neema mpaka zahanati. Tukaingizwa darasani. Chakula cha mchana kilipikwa kikaletwa, na sahani zikapangwa mbele yetu, moja kwa wawili. Yangu nilikuwa peke yangu. Sikuweza kula. Baadaye Bi Zainabu alirudi na uji katika bakuli lenye kifuniko, akasimama mlangoni akanitafuta kwa macho.

"Wewe wa nyota. Ndoo, utanibebea."

Yaani njoo. Nikambebea uji mpaka zahanati, nikitembea kama nimebeba yai. Muuguzi alituambia Rehema amefumbua macho na ametundikiwa maji. Akasema mngechelewa kidogo tu, na hakumalizia maneno yake. Tukakaa kwenye benchi la nje, mimi, Bi Zainabu na Mwalimu Neema.

Baba yake Rehema akafika. Alipigiwa simu akavuka kwa boti, shati limelowa kwa maji ya chumvi, kitambulisho cha shule bado kinaning'inia shingoni. Mwalimu Neema akainuka. Alianza kumweleza, na sauti yake nzuri ilikuwa imepasuka.

"Mwalimu, utusamehe. Tulidhani anakula kidogo kwa kuwa hajakizoea chakula chetu. Kila mara alisema ameshiba. Na mwenzake alimwuliza kila mlo. Hao wawili ndio waliogawana vizuri kuliko wote."

Baba yake akageuka akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa na wema. Alikuwa karibu kunishukuru. Hapo, mwanangu, ilibaki ninyamaze tu. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote, na hakuna ambaye angejua. Yule wa pekee aliyekuwepo nyuma ya jiko alikuwa ndani, nami niliamini hakuniona.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua nini?" akauliza Mwalimu Neema.

"Nilijua ana njaa. Nilimwona anakula ukoko wa sufuria. Halafu jioni nikala nyama yake." Nikaibandua nyota, ikatoka na uzi wa gauni langu, nikamwekea Mwalimu Neema mkononi.

Mwalimu Neema alikaa chini kwenye benchi. Nilingoja baba yake anipige. Nilitaka anipige. Alisimama akishika kile kitambulisho chake, na alipofungua mdomo hakusema nami, alisema na ukuta.

"Mimi nilimchapa," akasema.

Bi Zainabu akamwuliza, "Ulimchapa kwa nini, Mwalimu?"

"Alikuwa mdogo. Majirani wakila akipita, wakisema karibu, anaketi pale pale anakula. Hawakusema neno, ni watu wema. Lakini mimi niliona haya. Sisi ni wageni pale, na dini yetu ni nyingine. Nikaogopa wataona tumewalea watoto wetu bila adabu. Nikamchapa, nikamwambia usikubali chakula cha mtu mpaka uambiwe mara ya tatu." Akajifuta uso. "Sikumwambia kwamba kuna watu wasiofika mara ya tatu. Na ni watu wangu mwenyewe. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo."

Nilikuwa mtoto, lakini nilishtuka kuona mtu mzima, mwalimu, anasimama kwenye kibaraza cha zahanati na kosa lake mkononi kama nilivyosimama mimi na langu.

Tukaruhusiwa kuingia. Rehema alikuwa amelala, sindano mkononi, midomo imepasuka. Baba yake alimshika mguu kupitia shuka. Bi Zainabu akafunua bakuli akanipa kijiko. "Mnyweshe," akaniambia. Kisha akaenda dirishani akawa anatazama nje.

Nikajaza kijiko. "Kunywa uji, Rehema."

"Nimeshiba."

Nikamtazama Bi Zainabu. Mgongo wake tu.

"Kunywa. Hujala kitu."

"Nimeshiba kweli."

Lakini nikakisogeza kijiko mpaka kwenye mdomo wake. "Kunywa, mwenzangu. Ni wako huu."

Akafungua mdomo. Akanywa kijiko kimoja, cha pili, cha tatu. Bakuli lilipofika nusu akageuza uso. Nikaona ndio wakati wangu. Nikamwambia, "Rehema, nisamehe."

"Si kitu," akasema.

Ningeweza kushika hiyo "si kitu" nikaenda nayo nyumbani. Ni neno zuri, na linatoka haraka. Lakini nilikuwa nimeshajifunza mchana ule kwamba neno la kwanza la mtu mwenye adabu si lazima liwe lake. Nikasema tena, "Rehema, nisamehe."

"Nimesema si kitu, Nduku."

"Nisamehe."

Muuguzi alipita na beseni, akatoka. Baba yake alikuwa ameinamisha kichwa. Rehema akasema, macho yakiwa juu kwenye dari:

"Ulirudi nyuma kwa vidole. Pale jikoni. Nilikuona."

Nikakirudisha kijiko bakulini.

"Nilifurahi," akasema. "Nilisema moyoni, sasa Nduku amejua, jioni hataniuliza, atanipa tu. Jioni ukaniambia, umeshiba, sivyo."

Mwanangu, maneno hayo ninayo mpaka hivi leo. Nimeolewa, nina watu wanaonitegemea, na bado yakinijia nikiwa napakua chakula mkono husimama hewani. Aliniona. Alishinda mchana wote na tumaini, na tumaini lenyewe lilikuwa mimi.

Kisha akanitazama. Hakusema tena si kitu. Alisema, "Nipe uji uliobaki."

Alisema hivyo, bila kukaribishwa, mbele ya baba yake, na baba yake akatikisa kichwa kukubali. Nikampa wote. Alikunywa mwenyewe, akashika bakuli kwa mkono usio na sindano, mpaka likawa jeupe chini.

Sasa nasaha yangu. Utakapoketi na mwenzako kwenye sahani moja, usiulize huku mkono wako uko kwenye nyama. Toa mkono kwanza. Mwekee upande wake, kisha mwambie ale, na akikataa mwambie tena, na akikataa mwambie tena. Akikataa mara zote hizo, muache, labda ameshiba kweli. Swali moja la haraka linakufaa wewe mwulizaji, linakupa sifa na kukuachia chakula. Ukimwona mtu ana njaa usirudi nyuma kwa vidole. Nenda mbele, hata kama una haya, hata kama hujui la kusema. Sahani haihitaji maneno mengi.

Ukisikia neno la mtu wa mahali pengine likafanana na neno baya la kwenu, uliza maana yake kabla hujacheka. Huenda anaomba maji.

Na ikiwa siku moja mwenye njaa ni wewe, sema nina njaa. Wazazi wako hatutaona aibu. Mtoto mwenye adabu aliyeanguka mchangani hana faida kwetu. Sema mara ya kwanza, na wasiposikia, sema kwa nguvu.

Nenda salama kambini, mwanangu. Mungu asikuketishe kamwe karibu na mtu mwenye njaa ukakosa kumwona. Na siku aibu itakapokufunga mdomo, akuletee mtu asiyechoka kukuuliza, aliyekwisha kukusogezea sahani.